Kina cha Mwaka Huu

Kamba ina mafundo, kila fundo pima moja.
Mwishoni nimefunga nati kubwa ya trekta.
Naiachia ishuke kwenye giza la kisima,
nasikiliza.
Mwaka aliofariki baba ilikuta maji fundo la saba.
Leo la kumi na moja limenipita vidoleni
na bado ni hewa, hewa tu, harufu ya jiwe na dizeli.
La kumi na mbili.
Chubwi.
Naandika kwa mkaa kwenye ukuta wa banda la pampu,
chini ya tarakimu za baba.

Baba alizaliwa Wete, akaja huku Suweiq na sanduku moja
na maradhi ya kutunga mashairi.
Alihesabu mizani kwa vidole hata akiwa mezani.
"Kina kikikosewa," akisema, "shairi zima linachechemea."
Vina vyake sikuvirithi.
Nilirithi kina hiki kimoja, cha kisima,
na kila mwaka hakilingani na cha mwaka uliopita.

Mindimu ndiyo iliyoanza kusema.
Ncha za majani ziliungua,
kana kwamba mtu amepita nazo usiku na kiberiti.
Delwar alikinga maji kiganjani, akaonja, akatema.
"Mama," akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuokota, "bahari."
Bahari iko kilomita nne kutoka hapa.
Haikupita barabarani, haikubisha hodi.
Sisi tulivuta maji matamu, yakatoka,
nayo ikaingia kwa chini
kama mpangaji wa zamani anayejua ufunguo unafichwa wapi.

Nikamlaumu Musabbah, jirani.
Pampu yake inakohoa hadi alfajiri,
na mimi nalala macho wazi nikihesabu kikohozi.
Kaka yangu Harub naye akapiga simu toka Maskati:
"Tuchimbe tena, pima kumi, gharama juu yangu."
Nikamwambia, tukishuka tutakutana nayo njiani.
Akakata simu.

Kisha akaja binti wa wizara, Raya, viatu vimejaa vumbi,
akafunga mita kwenye bomba langu mwenyewe.
Mwezi mzima sikuitazama.
Nilipoitazama nilitafuta pa kukaa.
Mitende kidogo. Mindimu kidogo, masikini.
Lakini lile shamba la lusini nyuma ya banda,
lile la kijani ninalojivunia mbele ya wageni!
Mbuzi wangu wanakunywa ndoo tatu kwa siku.
Majani yao yanakunywa kisima.

Chovya chovya, tulifundishwa, humaliza buyu la asali.
Hatukuambiwa mchovyaji anaweza kuwa amelala,
swichi imewashwa, taa ya pampu nyekundu, feni inazunguka.

Mbuzi niliwauza wiki moja kabla ya Idi,
wote ila beberu mwenye pembe moja ambaye hakutakwa.
Lusini ikageuka rangi ya karatasi ya kaki.
Delwar hakuniuliza kitu. Alikunja mipira ya maji,
akaitundika msumarini kwa upole
kama anayetundika nguo za mtu aliyesafiri.

Jana Musabbah alikuja bila kuitwa,
kamba yake begani.
Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno, na maneno nilikuwa nayo.
Akasema, "Ukuta wangu nao umejaa."
Tukapindua ndoo mbili, tukakaa.
Kamba yake haina pima, ina dhiraa.
Dhiraa nne kwa pima, nikasema.
"Kwa mkono wa nani?" akauliza,
akanyoosha wake, mrefu, mkavu kama kuti,
nami nikanyoosha wangu pembeni yake.
Tukakosea hesabu. Tukaanza upya. Tukakosea tena.
Pampu zote mbili zilikuwa zimezimwa,
na kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia beberu akitafuna
sijui nini, maana majani hakuna.

Saa tano za usiku tulikuwa bado tunabishana
juu ya urefu wa mkono.
Mkaa umeisha. Nimeazima kalamu ya Delwar.
Tarakimu ya mwaka huu
tumeiandika mara mbili, kwake na kwangu,
na hazifanani bado.